Waliokata Simu Nao Wamejibu: Bi. Mwatumu Mbaruku Anastaafu

Ijumaa ya tarehe 29 Agosti 2025, saa kumi kamili alasiri, Bi. Mwatumu Mbaruku atazima kompyuta yake, atakunja kanga iliyokaa mgongoni mwa kiti chake tangu baridi ianze, na kuondoka Koppie Utafiti akiwa mstaafu. Atakuwa ameitumikia ofisi hii miaka ishirini na saba na miezi mitano. Hesabu hiyo tumeihakiki mara mbili, kwa sababu tunajua atakayesoma makala haya kwanza ni yeye, na atayasoma kalamu nyekundu ikiwa mkononi.

Kwa wageni watakaofika kwenye hafla na hawaijui kazi yetu, sisi ni watu wa kura za maoni. Tunapiga simu Kenya, Tanzania, Burundi na Kongo, tunauliza, tunaandika, kisha tunajumlisha. Ofisi ni nyumba ya zamani ya ghorofa moja kwenye mteremko wa mtaa wa Observatory, Johannesburg, na wengi wetu tunafika kwa miguu kutoka Yeoville tukihema kidogo. Chumba cha juu wanakaa Watanzania na Wakenya. Chumba cha chini tunakaa Wakongomani na Mrundi mmoja. Hakuna aliyetupanga hivyo, ila chumba cha chini kina hita, na sisi tuliwahi.

Bi. Mwatumu alizaliwa Ngamiani, Tanga. Alisomea ualimu, akafundisha Kiswahili shule ya msingi kwa miaka sita, halafu akamfuata mumewe, marehemu Mzee Ishaka, aliyekuwa fundi cherehani hapa Johannesburg. Machi 1998 aliajiriwa kuingiza kwenye kompyuta majibu ya dodoso la sabuni za kufulia. Siku ya nne alimfuata mkuu wake kumweleza kwamba swali la saba linauliza mambo mawili kwa mpigo, na kwamba watu mia tatu wamejibu nusu yake. Siku ya tano alihamishiwa meza ya wanaotunga maswali, na sabuni ikabaki na wengine.

Mwaka 2009, ofisi ilipoanza kupiga simu kwa Kiswahili, yeye ndiye aliyewafundisha wadadisi, yaani sisi tunaouliza. Kwenye mafunzo alijifanya mhojiwa. Mara alikuwa mzee asiyesikia vizuri, mara mama anayekaanga samaki huku simu kaibana begani, mara kijana anayetaka kwanza aambiwe atapewa nini. Wote watatu walikuwa na sauti moja, ila mama wa samaki alikuwa mkali kuliko wenzake, na wapo walioacha kazi kwa ajili yake.

Jina lake hapa ofisini linategemea unakaa wapi. Juu wanamwita Bi. Mwatumu. Chini tunamwita Mama. Bwana Naidoo, mkurugenzi wetu, mzaliwa wa hapahapa asiyejua Kiswahili zaidi ya salamu, humwita Anti, na humwita hivyo hata kwenye barua rasmi. Yeye huitika yote, mradi hujamletea takwimu peke yake. Ukiingia kwake na kusema fulani anaongoza kwa asilimia kadhaa, hukutazama juu ya miwani na kukwambia: "Usiniletee namba. Niletee swali."

Nimeombwa mimi, Marcelline Ngoie wa chumba cha chini, niandike habari za kazi yake yote. Naomba radhi kwamba nafasi kubwa nitaitumia kwa wiki moja tu ya Juni 2022. Bila wiki ile nisingekuwepo hapa kuandika chochote.

Kenya ilikuwa inakaribia uchaguzi. Katika kaunti moja, ambayo mkataba hauturuhusu kuitaja mpaka leo, watu wawili walikuwa wakigombea kiti cha useneta, na walikuwa wamekabana koo. Ofisini tuliwaita Kofia na Miwani, kwa jinsi walivyoonekana kwenye mabango yao. Kofia ndiye aliyekuwa seneta. Miwani alitaka kumng'oa, na kila alikopanda jukwaani alisema kwamba uchaguzi uliopita Kofia aliupata kwa kura zilizopikwa. Msomaji ayashike maneno hayo ya kupika kura, tutayarudia.

Ndani ya juma moja magazeti ya huko yalitoa kura mbili za maoni. Ya kwanza ilisema Kofia anaongoza kwa pointi nane. Ya pili ilisema Miwani anaongoza kwa pointi tisa. Steve Wambua, Mkenya wa kampuni moja ya ushauri kule Sandton, aliendesha gari mwenyewe mpaka Observatory kuuliza aamini ipi, na kutuomba tupige simu zetu. Jibu alilitaka Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Bi. Mwatumu hakuzigusa zile asilimia. Aliomba aone maswali. Kumbe watafiti wa kwanza waliuliza watu wanadhani nani atashinda, na mtu akiulizwa hivyo humtaja aliyezoea kumwona madarakani. Wa pili waliuliza watu watampa nani kura zao, swali zuri kabisa, lakini waliwauliza kwenye masoko ya mjini tu, kwenye ngome ya Miwani, na wafugaji wa bara hawakuulizwa hata mmoja. "Hawa hawajagombana, Steve," alimwambia. "Mmoja kauliza bei ya mbuzi, mwingine kauliza bei ya ngozi." Steve alicheka, akaandika maneno hayo kwenye simu yake, na nasikia bado anayatumia kwenye mikutano kama yake.

Tukaanza kazi. Wahojiwa walikuwa elfu moja na mia mbili, nusu kwa chumba cha juu na nusu kwa cha chini, na kompyuta ndiyo iliyotugawia namba za simu kwa bahati nasibu. Kwa mgawanyo huo, vyumba viwili vilitakiwa vitoe majibu yanayokaribiana. Mkipishana pointi tatu au nne, hakuna wa kuwashangaa.

Jumanne majibu yalijumlishwa. Chumba cha juu kilimpa Kofia asilimia 47 na Miwani 44. Chumba cha chini tulimpa Kofia 37 na Miwani 53.

Bwana Naidoo ni mtu mwema, na makala haya yatatafsiriwa ili naye ayasome, kwa hiyo nasema kwa heshima zote kwamba siku ile alikosea. Aliona pengo, akaona limetoka chumba kimoja, akaamua kwamba sisi wa chini tulikaa tukanywa chai na kujaza majibu kutoka vichwani mwetu. Aliandaa fomu. Mahojiano yetu mia sita yatupwe, na wadadisi tisa waachishwe kazi kwa kutunga majibu. Ili fomu iwe na nguvu ilihitaji saini ya msimamizi wa ubora, na msimamizi wa ubora ni Bi. Mwatumu.

Sisi tisa tulijua maana yake. Mdadisi aliyeandikwa kwamba hutunga majibu hapewi tena kazi ya kuuliza hata saa. Tena watano kati yetu vibali vyetu vya kuishi nchini vilisimama juu ya barua ya kazi ile ile. Nilikuwa mmoja wa hao watano, na binti yangu Benita alikuwa darasa la pili pale chini ya mlima. Jumatano asubuhi nilipanda kilima nikiwa nimeshaanza kufikiri nitamwambiaje, na ninakiri nililia nilipofika kwenye robot, yaani taa za barabarani, hata ya kijani ikapita nimesimama tu.

Bi. Mwatumu alimjibu mkurugenzi kwamba atasaini akishasikiliza. Simu zetu zote hurekodiwa. Alivaa hedifoni, akaweka chupa yake ya chai ya tangawizi pembeni, akafunga mlango. Mtu mwingine angeanza na mahojiano yaliyokamilika, aone kama ni ya kweli. Yeye alianza na yaliyokatika. Alikuta watu mia na arobaini wamekata simu katikati ya mazungumzo na chumba cha chini, na karibu wote walikata baada ya swali la nne. Chumba cha juu waliokata pale walikuwa kumi na mmoja.

Alhamisi saa nne asubuhi alicheka. Tabia wa mapokezi alimsikia kupitia mlangoni, akadhani ni kilio, kwa kuwa Bi. Mwatumu hana kawaida ya kucheka kabla ya chai ya pili.

Sauti aliyokuwa akiisikiliza ilikuwa yangu. Swali la nne kwenye karatasi lilisomeka: Siku ya uchaguzi utapiga kura? Nami nilikuwa nimemwuliza mzee mmoja, kwa adabu zangu zote: "Baba, siku ya uchaguzi utapika kura?"

Kwetu Lubumbashi ile g ya kupiga hugeuka k midomoni mwetu. Tunapika simu, tunapika picha, tunapika mpira, na hakuna anayetafuta sufuria. Kwa Mkenya, kupika kura ni kuziiba. Mzee yule, mtu wa Kofia tangu zamani, aliyekuwa ameshachoka kuitwa mwizi kwenye kila mkutano wa Miwani, alisikia sauti ya mwanamke asiyemjua ikimwuliza kama na mwaka huu ataiba. "Ni nani amekutuma wewe?" alisema. "Sisi si wezi." Akakata.

Rekodi iliyofuata ilikuwa ya mama mmoja wa upande wa Miwani. Naye aliulizwa vilevile, na François, jirani yangu wa meza. Yeye aliangua kicheko. "Sisi hatupiki, ndugu yangu. Wapishi ni hao wa Kofia. Haya, uliza ingine." Akajibu maswali yote kumi na matatu, na mwisho akaomba tumsalimie Johannesburg.

Ikawa hivyo siku saba mfululizo. Watu wa Kofia walitukanwa wakaondoka, watu wa Miwani walichekeshwa wakabaki. Hakukuwa na jibu hata moja la kutunga. Kila neno lilisemwa na mtu aliye hai, ila watu wa upande mmoja tuliwafukuza wenyewe mlangoni.

Bi. Mwatumu alishuka chini. Tulikuwa tumekaa na mikoba yetu magotini, na wa juu walikuwa wameshuka nyuma yake kusikiliza. Aliniomba nisome swali la nne kwa sauti. Nilisoma. Seif wa Zanzibar alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikuona cha kucheka, nikamwambia: "Mama, njo vile tunasemaka kwetu. Miye sikudanganya mutu."

"Najua, mwanangu," alisema. "Hukumdanganya mtu. Aliyekosea ni aliyeandika."

Aliyeandika alikuwa yeye. Hilo hakuna aliyekuwa amelifikiria, hata Bwana Naidoo.

Seif alipendekeza tufundishwe kutamka. Bi. Mwatumu alimtazama mpaka akakaa. Alisema hana siku za kubadili midomo tisa, wala haoni sababu, na swali ni moja tu. Akakaa pale pale kwenye kiti cha François akaanza kuliandika upya. Jaribio la kwanza lilikuwa na neno kuchagua, na kwa ulimi wa François likatoka likikaribia sana chakula, Seif akauliza kama kuna wali. La pili lilikuwa hivi: Siku hiyo utakwenda kituoni, au utabaki nyumbani? Alitusomesha mmoja mmoja, wa chini na wa juu, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hapa vyumba viwili vilisema kitu kimoja.

Mchana huo tuliwarudia wale mia na arobaini. Mia na kumi na wawili walikubali kuzungumza. Mzee wangu alipokea kwa sauti ya kununa. Nikamwambia: "Baba, juzi nilikukosea neno. Kwetu tunasema vingine." Nilipomweleza, alicheka, akaniweka kwenye simu nusu saa akinisimulia ng'ombe wake mmoja baada ya mwingine kwa majina. Kura yake alisema ni ya Kofia, na kwamba hata hivyo mimi ni mtoto mzuri.

Hapa ofisini kuna daftari la makosa, lenye jalada jeusi, na limekaa mezani kwa Bi. Mwatumu tangu tumjue. Kosa likitokea huandikwa ni lipi, ni la nani na lilitokana na nini. Majina yetu sote yamo, langu mara sita. Ijumaa asubuhi alifungua ukurasa mpya akaandika kwa mwandiko wake wa ualimu: "Kosa: swali la nne. Mkosaji: Mwatumu Mbaruku. Sababu: niliandika swali kwa mdomo wangu, nikasahau kwamba litaulizwa kwa midomo ya wengine." Alitoa nakala ya ukurasa huo, akaibana juu ya ile fomu ya mkurugenzi ambayo haikuwa na saini, akampelekea. Nimelipitia daftari lote juzi kwa ajili ya makala haya. Kwa miaka ishirini na saba jina lake limeandikwa mara hiyo moja.

Bwana Naidoo alishuka chini kabla ya saa sita. "Eish, sorry, my people," alisema, akamshika kila mmoja mkono. Jumatatu alileta sambusa za mama yake, sinia mbili, na chumba cha juu hawakupewa.

Ripoti nayo ilitoka Ijumaa ile ile. Tulipojumlisha wote, waliokata na waliobaki, Miwani alikuwa na asilimia 46, Kofia 45, na tisa walikuwa hawajaamua. Katika sentensi ya kwanza Bi. Mwatumu aliandika kwamba hawa wawili wako sawa na utafiti huu hauwezi kuwatenganisha. Steve hakufurahi. Alitaka jina. "Bi. Mwatumu," alisema, "nilikuja na swali, na sasa unataka nirudi nalo Sandton?" Akamjibu: "Unarudi nalo likiwa safi." Agosti, aliyeshinda alishinda kwa tofauti ya kura zisizofika elfu mbili, kaunti nzima. Steve alituma ujumbe wa neno moja, "Sharp," yaani safi kwa lugha ya mitaa ya hapa, na tangu hapo hana mtafiti mwingine.

Kutokana na wiki ile tumepata mambo mawili ambayo leo tunayaona ya kawaida. La kwanza, kila ripoti yetu ina safu ya waliokata simu, swali lililowakatisha, na walikuwa wakielekea upande gani. Yeye husema waliokata simu nao wamejibu, kazi yetu ni kujua wamejibu nini. La pili ni kijitabu chake kiitwacho Midomo Yote, kurasa arobaini na moja za maneno yanayobadilika maana yakivuka mpaka. Limo neno bado, ambalo mmoja akilitamka humaanisha hajaamua, na mwingine humaanisha hajabadilika. Chumba cha chini ndio tuliomletea maneno mengi, na kila neno limeandikwa limetoka kwa nani.

Amewafundisha wadadisi mia mbili na kumi na wanne. Amevumilia kompyuta za aina saba, wakurugenzi watatu, na ukosefu wa umeme usiohesabika, ambapo alituamuru tuendelee kwa karatasi na peni hali watu wa ofisi za jirani wanaenda nyumbani. Waliomshinda ni wajukuu zake wawili tu, wazaliwa wa hapa, wanaoelewa kila anachosema kwa Kiswahili na kumjibu kwa Kizulu. Binti yake Mayasa anatuambia kwamba Jumapili huwakalisha mezani na dodoso: Unataka wali au ugali, jibu kwa Kiswahili, chagua moja tu. Mpaka sasa wahojiwa wote wawili wamesema pizza.

Mwezi ujao anarudi Tanga, kwenye nyumba ya wazazi wake Ngamiani. Anasema atalala mpaka jua litoke na hatamwuliza mtu chochote. La kwanza tunaliamini. Sisi tunaobaki tuna huzuni, na hakuna haja ya kuificha kwenye karatasi ya sherehe. Lakini ni huzuni ya watu walioshiba, maana alichokuwa nacho ametuachia.

Hafla itaanza saa nane. Chumba cha chini tumejitolea kwa chakula, na safari hii tutapika kwa maana inayojulikana nchi zote.

Bi. Mwatumu, Mama, Anti: ahsante kwa kusikiliza kabla ya kusaini. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi, na majirani wanaojibu swali waliloulizwa. Alhamisi, saa nne, sisi wa chini tutakupikia simu. Ukipokea tutafurahi. Ukikata, tutaandika kwamba umejibu.

Marcelline Ngoie
Chumba cha chini
Msimamizi wa ubora kuanzia tarehe 1 Septemba 2025